Vivutio Nilivyomwonyesha Mama Mkwe

Mama mkwe wangu ni mtu wa Kilwa Kivinje, na nyumba yake imepakana na gofu. Ni ukuta wa mawe wenye mlango wa upinde, ambao wageni huja kuupiga picha. Yeye akisikia sauti za wageni hutoka na kanga mpya, akasimama pembeni kana kwamba anasubiri mtu, mpaka aingie kwenye picha.

Nilipoolewa nilidhani ukwe ni kupika na kuchota maji. Kumbe ni kutembezwa. Kila nilipokwenda Kilwa alinizungusha kwenye misikiti ya zamani, makaburi ya zamani na visima vya zamani, akinieleza kila jiwe kama vile yeye ndiye aliyelipandisha. Safari moja nilikuwa na mimba ya pacha, miguu imevimba kama mihogo. "Hapa ndipo walipokuwa wanapumzika wakubwa," akaniambia, na mimi nikakaa hapo hapo, nikakataa kuinuka.

Kwa miaka kumi na moja hakuwahi kuja kwetu Masasi. Alikuwa anasema mji usio na gofu unampa kizunguzungu. Halafu mwaka juzi, mwezi wa saba, akapiga simu kwamba yuko njiani. Mume wangu, ambaye ni bwana shamba, alikuwa anapanga magunia ya salfa ya kupulizia mikorosho. Nilipompa habari akaendelea kuyapanga, ila aliyapanga upya yale yale mara tatu.

Saa nane mchana simu ikaita tena.

"Nimeshuka Masasi," akasema mama mkwe. "Mbona sikuoni?"

"Mama, unaona nini mbele yako?"

"Watu wanauza korosho na viazi vya porini, ming'oko."

"Hapo ni Nanganga, mama. Rudi ndani ya basi. Masasi bado."

"Kuna tofauti gani?" akauliza, lakini nilisikia anapanda, na konda anamwambia alikuwa amekwisha kumwambia.

Nilimpokea stendi, nikachuchumaa na kumwamkia. Akaitikia marahaba, akanikabidhi kapu la nazi na samaki wakavu, kisha akainua uso kuitazama ile milima ya mawe iliyouzunguka mji wetu. Aliitazama mmoja mmoja, kama mtu anayekagua kazi ya fundi.

"Hii yote hakuna aliyeijenga?"

"Hapana, mama. Ni ya Mungu."

"Basi si ya kale."

"Mungu naye ni wa kale, mama."

Akalifikiria hilo hadi tukafika nyumbani.

Kesho yake asubuhi, mbele ya chai na mihogo ya kuchemsha, ndipo alipouliza. Aliweka kikombe chini, akajifuta midomo kwa ncha ya kanga.

"Sasa mkwe wangu, mimi nimekutembeza kwetu. Hapa kwenu kuna nini cha kutazama?"

Mume wangu akavaa kofia. Alikumbuka ghafla kwamba Chiungutwa kuna wakulima wanamsubiri. Pikipiki ikanguruma, akatuacha wawili, sisi na swali.

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda karibu na soko. Nimezaliwa Masasi, mama yangu ni Mmakonde wa Newala na baba Mmakua wa hapa hapa, na katika maisha yangu yote sikuwahi kufikiri kwamba kuna kitu cha kumwonyesha mtu. Kanisa kubwa la zamani aliliona tukiwa njiani kutoka stendi, akasema ni zuri, lakini lina bati, na gofu la kweli halina bati. Ikanibidi niwaze yale ambayo hata wenyeji hawayaendei. Nikafunga kibanda kwa siku tatu, nikatia daftari langu la vipimo vya wateja ndani ya mkoba kwa mazoea, tukatoka.

Nilianzia kwenye mwamba. Nyuma ya mtaa wetu, mwendo wa kama dakika ishirini, kuna jiwe kubwa lililoinama kama paa, na chini yake kuna michoro myekundu ya watu wa kale. Mwenye nyumba iliyo chini ya mwamba huo ni mama mmoja mjane ambaye namshonea sare za kwaya. Tulimkuta anaanika makopa. Mihogo iliyomenywa ilikuwa imetandazwa juu ya jiwe lote, nyeupe pee, na ili kuifikia michoro ilibidi tupite kati ya mihogo kwa ncha za vidole.

"Karibuni, Mama Pacha," akasema yule mjane. "Mgeni wako anakanyaga unga wangu."

Mama mkwe akavaa miwani. Akasogeza uso karibu na jiwe. Kulikuwa na mistari, miviringo, na kitu kimoja chenye miguu mingi ambacho wengine husema ni jua na wengine buibui.

"Nani kachora?"

"Watu wa zamani," nikasema.

"Zamani ya nani?"

"Kabla yetu sote."

"Majina yao?"

"Hayajulikani, mama."

Akavua miwani. "Kwetu tunajua majina. Na mjukuu wangu wa chekechea anachora mtu mwenye shingo."

Niliona siku inaniponyoka. Basi nikamwonyesha kitu kingine nilichokikumbuka tangu utotoni: bapa moja la mwamba lililolala juu ya mawe mengine, ambalo ukiligonga kwa kokoto linalia kama kengele. Niligonga kidogo, kwa adabu. Likatoa sauti nyembamba, safi.

Mama mkwe akaninyang'anya kokoto. Aligonga mara moja, akasikiliza. Akagonga mara ya pili. Kisha akapata mdundo wake, mdundo wa harusi za Kilwa nafikiri, akaligonga lile jiwe kwa mikono miwili huku mabega yanacheza. Sauti ikashuka bondeni, ikagonga mlima wa pili, ikarudi. Yule mjane akaacha makopa, akashika kiuno.

"Mama, umefanya nini?"

"Kwani vipi?"

"Hiyo ndiyo ninayowaitia chakula."

Hatukungoja sana. Wa kwanza kutokea walikuwa wajukuu wake, saba, wakikimbia kwa mstari kutoka uwanja wa mpira. Nyuma yao wakaja watoto wake wawili wa kiume, watu wazima, kutoka shamba, wamebeba majembe na wanahema. Mwisho akaja jirani mmoja ambaye hakuwa wa familia, lakini alisema alisikia. Ilikuwa saa nne asubuhi. Sufuria zilikuwa zimefunikwa juu ya kichanja.

"Tunakula nini?" akauliza mtoto mkubwa wa kiume.

Mjane akatutazama sisi. Watu kumi walikuwa wamekwisha kukaa. Kuwaambia warudi kulikuwa kugumu kuliko kupika, kwa hiyo tukapika. Mimi nilisonga ugali na mama mkwe akapewa kisu na furushi la mihogo. Alimenya akiwa amekaa chini ya ile michoro, mgongo umeegemea jiwe, miguu ameinyoosha mbele.

"Kwetu huruhusiwi hata kuegemea ukuta," akasema. "Mlinzi anakuja na filimbi." Akaegemea zaidi.

Tuliporudi nyumbani saa tisa mume wangu aliuliza mama ameona nini. Mama yake akamjibu kwamba ameona jiwe lenye watoto saba. 

Siku ya pili niliamua kumwonyesha reli. Watoto wa siku hizi hawajui, lakini zamani treni ilifika mpaka Masasi, katika enzi za wakoloni, kisha ikang'olewa na kuondoka moja kwa moja. Nilimweleza habari hiyo njiani, na kwa mara ya kwanza akaonekana kuvutiwa, maana kitu kilichokuwepo halafu kikaharibika ndicho anachokielewa.

Nilimpeleka kwanza kwenye shule moja ambako kipande cha reli kimening'inizwa kwa waya, ndiyo kengele. Akakitazama. Kilikuwa na urefu wa mkono.

"Ndiyo reli yote iliyobaki?"

"Kuna nyingine, mama. Ndefu. Lakini iko chooni."

Nilidhani atageuka. Akasema, "Twende."

Choo chenyewe kiko nje kidogo ya mji, kwenye boma la mzee mmoja ambaye sikuwa namfahamu kwa karibu. Nilijua tu kwamba baba yake ndiye aliyeokota chuma hicho wakati njia inang'olewa, akakifanya boriti ya kushikilia paa la choo, na choo kimebadilishwa kuta mara nyingi lakini boriti ni ile ile. Tulimkuta mzee uani anachonga mpini wa jembe. Alipotuona, mimi na daftari langu mkononi, maana nilikuwa nimelitoa nijipepee, na mama mkwe na miwani yake, akaweka panga chini na kusimama wima.

"Shikamoo baba," nikasema.

"Marahaba. Mmekuja kuhusu choo?"

"Ndiyo," nikajibu, kwa sababu ilikuwa kweli.

"Nilijua mtakuja." Akaanza kutembea mbele yetu kwa haraka, anaongea bila kugeuka. "Sabuni ilikuwepo. Imekwisha leo asubuhi. Ndoo ya kunawia mke wangu kaiazima kwa jirani, sasa hivi inarudi. Mfuniko upo, ila mbuzi alilala juu yake ukapasuka. Mwaka jana waliokuja waliniandika vibaya, lakini mimi si mtu mchafu."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ametudhania watu wa afya. Nilifungua mdomo nimweleze, lakini mama mkwe alikuwa amekwisha kuingia chooni, na ni vigumu kumweleza mtu asiyekujua kwamba umemleta mama mkwe wako kutoka Kilwa kutazama choo chake kwa starehe. Mimi na mzee tulisimama pale nje tunasikiliza.

Alikaa humo muda mrefu. Tulisikia anagonga chuma kwa pete yake. Tulisikia anasema peke yake, "Ahaa." Mzee akajifuta jasho usoni.

Mama mkwe akatoka, akajipangusa mikono.

"Chuma kizuri," akasema. "Hakina kutu hata kidogo. Baba yako alikuwa na akili."

"Basi nimepita?" akauliza mzee.

Mama mkwe akanitazama, akamtazama mzee, akaelewa yote papo hapo. Yeye ni mwepesi wa mambo kama hayo.

"Umepita," akasema. "Lakini nunua sabuni. Na usije ukakiuza hicho chuma."

Mzee aliomba tumwandikie. Nilifungua daftari, nikageuza ukurasa wa vipimo vya mabega na viuno vya kwaya, na kwenye karatasi safi nikaandika kwamba choo hiki kimetembelewa na boriti ni imara. Mama mkwe akatia sahihi. Sikuona raha, na njia nzima nilikuwa namwambia mama tumedanganya. Akasema hatujasema uongo hata mmoja. Choo tumekitembelea na boriti ni imara. Baadaye nilisikia kwamba karatasi ile imebandikwa ndani ya mlango wa choo, kwa ndani, ambapo mtu aliyekaa anaweza kuisoma vizuri.

Siku ya tatu ilikuwa Jumamosi, mume wangu hakuwa na pa kukimbilia, akatupakia kwenye gari letu dogo la mizigo kwenda Newala. Mama mkwe alikaa mbele katikati yetu, amejifunga kanga mbili na sweta la mwanawe, maana kule juu mwezi wa saba kuna ukungu na baridi ambayo mtu wa pwani huichukulia kama matusi. Tulipofika ukingoni, pale ambapo ardhi inakatika ghafla na macho yanaanguka hadi bonde la Ruvuma, tukashuka. Mahali hapo watu wanapafahamu, wanapiga picha. Mama mkwe alivaa miwani. Mawingu yalikuwa chini yetu.

"Ile nyumba kule chini ya nani?" akauliza hatimaye.

Mume wangu akasema hajui, akarudi garini kulala.

Lakini mimi sikumleta kwa ajili ya ukingo. Nilimleta kwa ajili ya njia. Mama yangu mzazi alikuwa ananisimulia kwamba zamani huku juu hakukuwa na maji kabisa, na wanawake walishuka bondeni kuyafuata, wakaondoka alfajiri na kurudi jua kali, mtungi kichwani. Njia yao bado ipo, imefichwa na majani, na robo tatu ya mteremko kwenda juu kuna bapa la jiwe walipokuwa wanapumzika. Mama alinipeleka mara moja nikiwa binti. Sikuwa na hakika kama nitaiona tena, lakini mwanamke mmoja aliyekuwa anatoka shamba alinielekeza kwa kidevu, na tukashuka taratibu, mimi mbele, mama mkwe ameshika bega langu.

Jiwe lilikuwepo. Juu yake kulikuwa na vishimo vya mviringo, vimepangana kama matundu ya bao, laini kama ndani ya bakuli. Nikamweleza mama mkwe kwamba hakuna aliyevichonga. Ni vitako vya mitungi. Kila mwanamke aliyefika hapa alitua mtungi wake mahali alipotua mwenzake jana, akauzungusha kidogo ukae sawa, akapumua, akauinua. Ndipo jiwe likalika.

Nilingoja aniambie kwamba kwao kuna visima vyenye kuta. Alikuwa na chupa ya maji mkononi. Akainama, akaiweka ndani ya kishimo kimoja, akaizungusha kidogo. Ikakaa sawa.

"Bibi yako naye?" akauliza.

"Naye, mama. Mpaka alipozeeka."

Akabaki ameinama hivyo hivyo. Nikadhani ameguswa, nikageuka kumwachia nafasi. Nilitazama bonde kwa muda, kwa heshima. Kisha nikasikia sauti ndogo.

"Mkwe wangu. Goti limegoma."

Kweli lilikuwa limegoma. Halikukunjuka wala halikukunjika zaidi. Nikalisugua, nikalipuliza, nikamwambia avute pumzi. Nikampigia simu mume wangu, ikaita hadi ikakatika. Baadaye tulijua alikuwa ameikalia. Mama mkwe si mtu mdogo. Nilijaribu kumbeba mgongoni, tukaenda hatua mbili, tukarudi hatua nne.

Tukakaa. Baada ya muda wakapita wanaume wanne kutoka bondeni, kila mmoja na jembe begani. Walituamkia, wakaelezwa, wakatazama goti kwa zamu. Mmoja wao alikuwa na shemeji yake mwenye nyumba karibu na hapo. Akaenda, akarudi amebeba kitanda cha kamba kichwani. Wakamlaza mama mkwe juu yake, wakashika kila mmoja mguu mmoja wa kitanda, tukaanza kupanda.

Njia ile upande mmoja ni ukuta na upande wa pili ni hewa tupu. Mama mkwe alichungulia mara moja upande wa hewa, akavuta kanga, akajifunika kuanzia miguuni hadi utosini. Akasema kwa ndani kwamba tusimsemeshe mpaka tufike.

Ndivyo tulivyotokeza juu. Wanaume wanne wenye nyuso za taabu, kitanda, mtu aliyefunikwa gubigubi, na mimi nyuma yao, natembea kwa shida, macho yananitoka machozi kwa sababu ya jasho lililoingia ndani.

Watu wa kwanza kutuona walikuwa wanawake watatu wenye kuni. Wakazitua. Wanaume waliokuwa wanacheza bao kibarazani wakainuka wote, wakavua kofia. Mtu mzima mmoja akanisogelea, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Ni nani wako?"

"Mama mkwe," nikasema huku nahema.

"Pole sana, mwanangu."

"Ahsante, baba. Ndiyo hivyo."

"Alikuwa anaumwa?"

"Hapana. Ghafla tu. Alikuwa ameinama anatazama jiwe."

Akatikisa kichwa. Kina mama walikuwa wamezidi, wanafuata nyuma yetu, na mmoja alikuwa ameanza kilio cha chini chini. Mimi nilifikiri watu wa Newala wana huruma ya ajabu kwa magoti.

"Mtampeleka kwao?" akauliza yule mzee.

"Ndiyo, baba. Kilwa. Wiki ijayo."

Akasimama. "Wiki ijayo?"

"Mwenyewe alisema haondoki kabla hajala ming'oko."

Mzee aliniachia mkono. Nilimwona anageuka na kunong'ona na mwenzake, na mwenzake ananitazama kwa jicho la mtu anayetafuta ndugu wa mgonjwa wa akili. Akarudi, sasa anasema polepole sana.

"Mwanangu, sisi huku hatuchelewi namna hiyo. Ni leo leo, kabla ya alasiri. Tutakusaidia. Vijana wanaweza kuanza kuchimba."

Neno kuchimba likaniingia. Nikatazama kitanda, nikatazama zile kofia mikononi, nikaelewa. Lakini kabla sijasema kitu tulikuwa tumefika kwenye gari, na kilio kilikuwa kimemwamsha mume wangu.

Akafungua mlango. Akaona umati. Akaona mimi nina machozi, akaona kitanda, akazitambua kanga. Mume wangu ni mtu mkimya, bwana shamba wa miaka mingi, nimemwona amevunjika mkono bila kuguna. Alikaa chini kwenye vumbi, mgongo kwenye tairi, akalia kwa sauti kama mtoto.

"Mama yangu," akasema. "Mama yangu, na mimi nimekukimbia siku mbili nzima."

"Nililijua hilo," ikasema sauti ndani ya kanga.

Wabebaji wawili wa mbele wakaachia kitanda. Wale wa nyuma hawakuachia, kwa hiyo mama mkwe akateleza taratibu, miguu mbele, akatua chini amekaa, kanga imemdondoka usoni. Mama aliyekuwa analia chini chini akatoka mbio na kuacha ndala moja. Wengine walirudi nyuma, kisha wakasimama. Bibi mmoja mfupi wa rika la mama mkwe, mwenye pambo la zamani la ndonya kwenye mdomo wa juu, hakurudi nyuma hata hatua. Alimwinamia, akamkazia macho.

"Ntu nzima huyu," akawatangazia wenzake. "Ntu nzima kabisa. Ana goti tu."

Mama mkwe alimpa mkono. "Habari za hapa, dada."

"Nzuri. Nipe mguu."

Bibi yule akalishika goti, akaliminya pembeni mahali fulani, akalivuta kwa nguvu moja. Likalia kama ganda la korosho. Mama mkwe akakunja mguu, akaunyoosha, akaukunja tena.

Sasa ikabaki aibu ya jumla. Mume wangu alijipangusa vumbi na kujifanya anakagua tairi. Yule mzee alinieleza kwamba kosa lilikuwa langu, kwa namna nilivyojibu, na nikakubali. Kumbe pia habari ilikuwa imekwisha kuenea. Wanawake walikuwa wanafika kutoka nyumba za mbali, hadi mmoja aliyekuja kwa bodaboda kutoka njia ya Chilangala, wamebeba unga, mbaazi, na kuni za kupeleka msibani. Walikuwa wanauliza msiba uko wapi na wanaonyeshwa mama mkwe, amekaa kwenye kitanda cha kamba anapepewa.

Ilijadiliwa kama warudi na unga wao. Bibi mwenye ndonya akasema unga uliotoka ndani kwa ajili ya msiba haurudi ndani, ila akasema hakuna anayekatazwa kuupika kwa jambo jingine. Wakawasha moto hapo hapo uani kwa yule mzee. Ming'oko ikaletwa kwenye sufuria kubwa, na chumvi na pilipili pembeni. Mama mkwe alipewa sahani ya kwanza, kwa kuwa chakula ni chake. Alikula kwa utulivu, mkono wa kulia, akasema amehudhuria maziko mengi lakini hakuwahi kuhudumiwa vizuri kama kwenye yake.

Yeye na yule bibi walikaa pamoja hadi jua lilipoanza kulegea. Nilikuwa karibu nawasikia. Walianza na magoti, wakaja kwenye wakwe, wakashusha sauti, kisha wakapandisha walipoona nasogea. Bibi alimwambia kwamba yeye mwenyewe alishuka bondeni na mtungi tangu akiwa kigoli, na kwamba kishimo cha tatu kutoka ukingoni ndicho alichokuwa anatumia, kwa sababu mama yake alitumia hicho. Mama mkwe alimuuliza jina la mama yake. Akaambiwa. Akalirudia mara mbili ili lisimpotee, na akamuuliza la bibi yake pia.

Kurudi Masasi tulikaa vile vile, yeye katikati. Mume wangu aliendesha gari, macho yamevimba. Tulipoanza kuteremka kutoka uwandani mama mkwe alisinzia, na kichwa chake kikaja polepole kikatua begani kwangu. Katika miaka yote ile hakuwahi kuniegemea. Kilikuwa kizito, kinanukia mafuta ya nazi na moshi wa kuni.

"Mwamshe ajifunge vizuri, baridi," mume wangu akaninong'oneza.

"Mwache," nikamwambia.

Mkono ulikufa ganzi kabla hatujafika nusu ya njia, na sikuusogeza.